Mzinga wa Ubavuni

Bartolomeo, kanuni ya karakana ya misheni unaijua: agusaye kazi ya mwenzake bila idhini, ataitengeneza upya mbele ya watu.

Sasa sikia aliyoyatenda Nikolaus leo. Mwalimu mzima!

Kile kifaru cha vita alichochonga Cornel kwa miezi mitatu, mfano wa kile kilichowatangulia yeye na askari wenzake huko Burma. Mzinga mmoja juu, mwingine ubavuni, upande wa kulia tu. Alikichonga kwa ajili ya Mwanahalima wa Kibuta, mama wa marehemu Mwinjuma, mwenzake wa vitani.

Cornel alirudi kutoka misa akakuta mzinga wa ubavuni umekatwa kwa msumeno, na jeraha limepakwa rangi!

“Nimekusahihishia, bwana. Mzinga ulikwenda upande,” Nikolaus akamwambia.

Amemsahihishia!

Cornel akamkabili. “Mwinjuma alifia kando ya mzinga huo. Wewe ulikuwa wapi? Ukisahihisha madaftari?”

Akamtupia patasi. Nikolaus akachonga mzinga mpya, wanafunzi wake wakitazama, hata malengelenge ya mikono yakapasuka. Mwanahalima akawasili kukichukua kifaru, akaketi kungoja.

Kazi ilipokwisha, akaupapasa mzinga wa ubavuni. “Mwanangu aliniandikia uko hapa.”

Nikolaus alivua kofia. “Shikamoo, mama. Niwie radhi.”

“Marahaba. Nipe kifaru changu.”