Nilivyosoma Karatasi ya Yustina Mbele ya Wakwe

Jumatatu jioni, Julai. Baridi ya Moshi imekuja na hasira. Tangu asubuhi mlima haujaonekana, na hapa Rau manyunyu hayakati. Sikufungua kibanda changu cha kutengenezea redio. Naona aibu hata mbele ya wateja ambao hawajui lolote.

Natamani ningekuwa naumwa. Mtu akiumwa ana sababu ya kujifunika blanketi.

Wanaonisoma hapa mtandaoni wanajua kwamba mke wangu Yustina alifariki mwaka jana, na kwamba aliacha karatasi. Hakuwa mwandishi wa vitabu. Alifundisha chekechea, na jioni akishaosha vyombo aliandika kwa penseli nyuma ya kurasa za kalenda zilizopitwa na wakati, kwa Kichagga cha kwao Uru. Siku moja nilimuuliza kwa nini haandiki Kiswahili ili na mimi nisome. Alisema akiandika Kiswahili anajiona bado yuko kazini. Nikacheka, nikarudi kwenye redio yangu.

Mimi ni Mngoni wa Songea. Niliishi na Yustina karibu miaka ishirini, na Kichagga sikijui. Salamu tu, nazo nusunusu.

Nimeandika sentensi hiyo na nimeiangalia kwa muda mrefu.

Mwezi uliopita niliahidi hapa kwamba nitanakili karatasi zake zote kabla mchwa hawajazila. Mlinipongeza. Dada mmoja aliandika kwamba kila mwanamke angependa mume kama mimi. Nikavimba kichwa, siwezi kuficha.

Jana ilikuwa misa ya kumbukumbu yake. Baada ya kanisani tulipanda hadi kwao, kwenye kihamba, shamba la ukoo alilorithi marehemu baba yake, tukakaa kwenye viti vya kukodi katikati ya migomba na ile mibuni michache iliyobaki. Shemeji yangu Aloisi, kaka yake Yustina, alisimama akatangaza kwamba mkwe wao ana neno. Nilikuwa nimejiandaa. Nilivaa suti ya harusi yetu, na mfukoni nilikuwa na karatasi niliyoichagua mwenyewe.

Niliichagua kwa sababu niliona neno Ruwa, Mungu, karibu kila mstari. Nikajisemea, hii ni sala. Sikumuuliza mtu. Nilitaka wote washangae: mkwe wa kutoka mbali amesimama, anasoma sala ya binti yao kwa lugha yao. Nilifanya mazoezi kibandani wiki nzima, silabi kwa silabi, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nikaanza kusoma.

Kinamama wakatabasamu. Nikapata nguvu. Mbele kidogo mjomba mmoja mzee akaangua kicheko, akakimeza haraka, akaziba mdomo kwa kofia yake. Nikadhani ni matamshi yangu. Nikaongeza sauti. Kisha pakawa kimya kabisa, kila mtu akawa anaangalia pombe ya mbege ndani ya kikombe chake. Nikadhani sala imewaingia.

Binti yangu Anjela, ambaye mama yake alimlea kwa lugha zote mbili, alinivuta koti.

"Baba, inatosha," alininong'oneza. "Kaa chini, Baba."

Nikadhani ni uchungu. Nikamshika bega, nikaendelea mpaka mwisho. Nikasema Amina. Nikafanya ishara ya msalaba.

Hakuna aliyeitikia.

Nilimfuata Aloisi zizini. "Shemeji, nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Umesoma vizuri sana."

"Mbona watu wamenyamaza?"

Alijifanya anamwongezea ng'ombe majani. "Muulize Mama," alisema. "Mimi siwezi kukuambia, shemeji. Kweli siwezi."

Mama mkwe alikuwa jikoni kwake, akimenya ndizi za mtori. Sikuwahi kukaa naye tukiwa wawili tu. Kila mara Yustina alikuwa katikati yetu, akigeuza maneno ya mama yake kuwa Kiswahili na ya kwangu kuwa Kichagga. Kiswahili cha Mama ni kile cha sokoni, cha kuulizana bei na hali.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Baba Anjela. Kaa."

Nikakaa kwenye kigoda. "Mama, ile karatasi inasema nini?"

Aliendelea kumenya. "Unataka kujua kweli?"

"Nataka."

Akaniambia polepole, akitafuta maneno, mengine akiyakosa na kuyaonyesha kwa mikono. Yustina anamlalamikia Mungu. Anasema: Ruwa, umenipa mume mwenye masikio ya ajabu. Redio ikikwaruza ng'ambo ya barabara, yeye anajua waya gani umeachia. Lakini mama yangu akimsemesha, hasikii. Ruwa, nikienda nyumbani nacheka mara mbili, kicheko changu na chake, maana yeye anacheka wenzake wakishamaliza. Ruwa, nimechoka kuwa mdomo wake. Nikiugua, nikawa nasema maneno ya kwetu tu, nani atamwambia ninaomba nini?

Hapo Mama akachukua ndizi nyingine.

Wiki yake ya mwisho hospitalini Yustina aliongea Kichagga tu. Kiswahili kilikuwa kimemtoka. Nilimshika mkono nikawa naitikia, ndiyo, ndiyo mke wangu, ndiyo.

Sijui niliitikia nini.

"Sote tulijua," Mama alisema. "Alikuwa anasema hapa, jikoni. Tunacheka. Hakukuchukia. Alichoka."

Kwa hiyo haikuwa siri. Ukoo mzima ulijua, na mtoto wangu alijua. Aliyekuwa hajui ni mimi, na mimi ndiye niliyesimama na suti nikawatangazia kwa sauti kubwa, nikamalizia na Amina. Nilitaka kutoka, nishuke kwa miguu mpaka mjini nisionane na mtu.

"Nisamehe, Mama. Nimewaaibisha."

"Umejiaibisha mwenyewe," alisema, bila ukali wowote. Akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye khanga. "Mimi sijasoma, Baba Anjela. Tangu tumzike sijamsikia. Picha ninayo, lakini picha haisemi. Leo nimemsikia. Hata pale anapovuta pumzi, ni yeye." Akasogeza kigoda chake karibu na changu. "Soma tena."

"Mama, sasa najua inasema nini."

"Ndiyo. Sasa soma."

Nikaitoa mfukoni. Ilikuwa imejikunja kwa jasho langu. Nilisoma polepole, kila mstari nikijua unanigonga wapi. Mama alikuwa amefumba macho. Nikitamka vibaya ananikatiza, analisema neno, narudia mpaka aridhike, ndipo tunaendelea. Nilipofika kwenye masikio alicheka huku machozi yanamtoka, akanipiga gotini kwa kiganja, kama nilikuwa nimemwambia kitu cha kuchekesha mimi mwenyewe.

Kwenye lile swali la mwisho sauti ilinikatika. Alingoja. Hakunisaidia.

Nikalisoma.

Tulikaa hivyo hadi Anjela alipoingia kuulizia mtori. Alituangalia mimi na bibi yake, akachukua kisu, akaanza kumenya ndizi zilizobaki bila kuuliza kitu. Njiani kurudi alisema tu, "Nilitaka kukuzuia, Baba." Nikamwambia najua.

Leo nimeandika haya kwa sababu nisipoyaandika nitayapamba. Najifahamu. Kesho kutwa ningekuwa nasimulia jinsi nilivyowaliza wakwe zangu kwa sala.

Sitazinakili karatasi zake hapa kwa sasa. Sina haki ya kumsambaza mtu ambaye sijamsikia. Aibu haijapungua, na sidhani kusoma mara moja jikoni kunafuta karibu miaka ishirini ya kukaa kati ya watu waliokuwa wananisemesha.

Nilipokuwa naaga, Mama aliniuliza zimebaki ngapi. Nikamwambia ni boksi zima. Akasema Jumamosi anakuwa nyumbani.

Nimeshachagua ya Jumamosi. Safari hii sikutafuta neno ninalolijua, nimechukua ya juu kabisa. Jina langu limo, nimeliona mahali pawili. Sijui anasema nini juu yangu.

Nitaisoma kwa sauti.