Chale za Bibi Flora

Jumapili, 7 Julai

Kanisani leo moto. Mchungaji Tomaso kafundisha juu ya alama za mwilini. Tatuu, vipini vya puani, hereni, vyote. Mwili ni nyumba ya Roho, asema, sasa mpangaji gani anachorachora ukuta wa mwenye nyumba? Nikasema amina. Kwa sauti! Maana naamini hivyo. Si juzi tu nimegombana na Bibi, bibi wa mume wangu, alitaka kumtoboa mtoto masikio kwa sindano ya kushonea? Nikamwambia hapana, akikua atasema mwenyewe. Akaninunia mpaka jioni.

Kisha Mchungaji akamsimamisha Cletus, yule kijana wa bodaboda anayepiga kinanda. Karudi toka Mbagala na msalaba mkubwa kachorwa mkononi, chini yake jina la marehemu mama yake. Akaambiwa asiguse kinanda mpaka atubu mbele ya watu. Lakini Cletus si mtu wa kumeza neno — "Sawa, Mchungaji. Na Bibi Flora je? Mbona yeye kachorwa uso mzima?"

Watu wakacheka. Halafu wakaacha kucheka. Wote wamegeuka kumtazama Bibi. Yeye alikuwa anamfuta mtoto udenda, hakusikia vizuri. Akaniuliza kwa sauti — wanasemaje? Nikamwambia hamna kitu, Bibi.

Jumatatu, 8 Julai

Mzee Eusebio wa kanisa kaja sijamaliza hata kuchoma vitumbua. Shikamoo, marahaba, kakaa, kakataa chai. Mtu akikataa chai yangu najua hajaja kwa heri.

Kumbe wazee walikaa jana. Tarehe 28 watoto wanabarikiwa, na Flora wetu yumo. Lakini Bibi asimpeleke mbele. Nimpeleke mimi, au baba yake. "Sheria ni msumeno, mama. Tumkate Cletus, tumwache Bibi? Vijana watatucheka."

Mtoto ana jina la nani? La Bibi! Tangu azaliwe Bibi hamwiti Flora, anamwita somo. Somo kanyonya? Somo kalala? Na kwetu somo akiwa hai ndiye anayempeleka mtoto mbele, wala hakuna anayeuliza. Wiki mbili sasa Bibi anajizoesha, na mgongo wake ule, anambeba toka mlangoni mpaka kwenye mtungi, anapumzika, anarudi.

Alikuwa nyuma ya pazia. Safari hii kasikia vizuri. Eusebio alipoondoka akasema tu — "Huyu Eusebio! Mama yake Mmwera, ndonya yake ya mdomoni ilikuwa pana ungeweza kuwekea kikombe cha chai." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatano, 10 Julai

Jino. Mtoto hashikiki. Mabasi mawili ya Lindi yamepita bila kusimama, vitumbua nimerudi navyo. Mume wangu Josephat kapiga kutoka Mtwara, gari lao bado linasubiri mzigo. Sikumwambia. Bibi yake hajatoka nje leo. Wala hakuulizia redio.

Ijumaa, 12 Julai

Nimemwogesha Bibi uani. Kijibaridi lakini jua lipo. Huwa naanza na uso. Mistari ya mashavuni inakwenda pembepembe kama ukili wa mkeka, inashuka mpaka kidevuni. Kwenye paji kuna kama mti mdogo. Tundu la ndonya kwenye mdomo wa juu limesinyaa, uji ukiwa mwepesi unavujia hapo, na huwa tunacheka wote. Nilipoolewa niliuogopa uso huu. Sasa hivi ningeuosha hata nimefumba macho.

Akauliza — "Mama Flora, hizi zinafutika?"

Nikasema, Bibi, umezeeka nazo, leo zimekukosea nini?

Akaanza kusimulia. Alikuwa hajaota hata matiti, kule kwao juu Makondeni. Mama yake akamlaza kichwa mapajani, akamziba macho kwa kiganja. Kisu kidogo, halafu masizi. Mwenzake alilia mpaka wachumba wakamkimbia! Yeye hakulia. Mama yake akamsifia kwa majirani wote.

Akajipapasa shavu. Kisha — "Nisije nikamharibia somo baraka zake."

Nikammwagia maji kichwani ili nisijibu.

Jumapili, 14 Julai

Bibi kabaki nyumbani. Anasema miguu. Miguu mizima ile.

Jumanne, 16 Julai

Jamani! Natoka stendi nakuta Bibi kajifungia ndani na mtoto analia. Nagonga, hafungui. Alipofungua nikapiga ukelele. Uso mwekundu, umevimba, mashavu yamebabuka! Kitandani kopo la krimu ya kujichubua. Amejipaka tangu Jumamosi, asubuhi na jioni, kumbe ndiyo maana alikuwa ananipa mgongo, anageukia ukuta. Leo kaona haifanyi kazi, kachukua na jiwe la kusugulia miguu.

Chale zipo vilevile. Ngozi ndiyo iliyoondoka.

Sikujua nilie au nimgombeze. Nikafanya vyote. Nikamnawisha maji mengi, nikatoka naye barabarani, na bodaboda ya kwanza kusimama ni ya Cletus. Alimwangalia Bibi usoni mara moja tu. Katupeleka zahanati taratibu kama amebeba mayai. Nauli kakataa. Nesi katoa dawa ya kupaka, kasema asipigwe jua, na akiona tena krimu ile ataitupa chooni yeye mwenyewe.

Jioni nikamwendea Moza jirani, ndiye anayeuza vipodozi. "Shoga, mimi nilijua ni ya kwako! Bibi kaniambia mama Flora anataka kung'aa siku ya sherehe. Nikamwongezea na sabuni." Nilipomweleza akakaa chini, hapohapo mchangani. Akasema hata kwao mashehe wanakataza chale, wanakataza mpaka kunyoa nyusi, lakini ajuza kama yule nani anamkagua? Akaja na uji. Akamnywesha mwenyewe, kijiko kwa kijiko, mdomo usivutike.

Alhamisi, 18 Julai

Cletus kaja na madafu. Kasimama mlangoni kama mdaiwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndo ulinitaja?"

"Ndo mimi."

"Lete huo mkono."

Akausogeza karibu na macho. Akaupapasa. "Hii ndiyo chale? Hii kuku kapita kwenye majivu. Aliyekukata alikuwa amelewa?"

"Bibi, ni mashine. Ya umeme."

"Ulilia?"

"Walinipaka ganzi."

"Ganzi!" Bibi kacheka mpaka kashika mashavu kwa maumivu. "Mama Flora, njoo usikie! Dume zima limepakwa ganzi!"

Cletus naye kicheko. Kisha kainama, naona anafuta macho. Anasema alitaka Mchungaji ndo aone aibu, si Bibi. Na jina la mama yake kaliandika kwa sababu hana hata picha yake moja. Bibi akauliza wameandikaje, maana yeye hajui kusoma. Akamsomea, Yustina. Bibi akapitisha kidole juu ya kila herufi, polepole. "Basi imekaa vizuri," akasema.

Mimi bado tatuu siipendi. Flora akija nayo siku moja tutagombana, na nitagombana kweli. Lakini leo nilikuwa napasua dafu na sikuweza kusema amina yangu ile tena.

Jumamosi, 20 Julai

Nimekwenda kwa Mchungaji, mtoto mgongoni. Maneno niliyoyapanga njiani yote yakaishia mlangoni. Nikasema tu — Bibi amejichubua uso. Akashika kichwa. Si mtu mbaya huyu, na hiyo ndiyo shida. Angekuwa mbaya ningempigia kelele nikarudi zangu.

Akasema andiko linakataza chale za kuomboleza wafu, na yeye anajua za Bibi hazikuwa hizo. Nikasema, basi? Akasema, basi vijana wananipima, basi wazee wananitazama. Yeye mgeni hapa Somanga. Amemwadhibu Cletus hadharani, akilegeza kwa Bibi watasema hana msimamo. Halafu akanipa njia — aje nyumbani siku ya kazi, kimya kimya, ambariki mtoto mikononi mwa Bibi. Nani atajua?

Nikamuuliza, Mchungaji, mtoto aliyelazwa mapajani mwa mama yake akakatwa, atubu nini? Mama Mchungaji alikuwa anapeta mchele pale pembeni. Masikio yake yana vitobo vya utotoni, vimeziba nusu. Nikavitazama. Akaona navitazama. Akainamia ungo.

Njia hiyo ya nyumbani ni nzuri, nisiseme uongo. Nimechoka. Ningetamani niseme ndiyo nilale.

Jumatano, 24 Julai

Nimemwambia Josephat yote. Simuni akasema — kubali ya nyumbani. Huyo ndiye aliyemlea, hataki watu wamkodolee macho bibi yake kama kichekesho.

Nikamwambia, mume wangu, Bibi si magendo, apitishwe njia za panya.

Akacheka bila kupenda. "Wewe mwanamke!" Nikasema ndiyo, mimi. Akasema fanya unavyoona, ila asilie. Salio likaisha.

Asilie! Mtu ambaye hakulia chini ya kisu.

Ijumaa, 26 Julai

Magamba ya mashavuni yanabanduka. Chini yake ngozi mpya, laini kama ya mtoto. Na juu ya ngozi mpya, mistari ileile! Pembepembe, hakuna hata mmoja uliokosekana. Nimempa kioo. Kajitazama muda mrefu, wala sijui alikuwa anafurahi au la.

Ndipo nikashtuka. Wazee wamekaa, Mchungaji kasema, Josephat kasema, mimi nimesema. Yeye nani kamuuliza?

Nikamuuliza. Bibi, abarikiwe hapa nyumbani au kanisani?

Alikuwa anamkuna mtoto mgongo. "Nyumbani namshika kila siku," akasema.

Basi. Nikamwandikia Mchungaji ujumbe: tunakuja kanisani, na Bibi ndiye atakayembeba. Ameusoma. Hajajibu.

Jumapili, 28 Julai

Naandikia kwenye benchi la wanyonyeshaji, hapa nje ya mlango wa kanisa. Mtoto kashika ziwa hataki kuachia, na wameshaanza kuita majina. Nikikaa bila kuandika nitalia.

Mchungaji mpaka leo hajajibu. Mlangoni alimshika Bibi mikono yote miwili, akampisha. Bibi kakaa benchi la mbele. Peke yake, hakuna aliyekaa karibu. Uso kaupaka mafuta ya nazi, unang'aa mpaka huku nauona. Cletus yuko nyuma kabisa, mikono ya shati kaishusha. Moza kaja! Kasimama dirishani na mtandio wake, eti yeye anapita tu.

Mtoto wa kwanza tayari. Wa pili tayari. Sasa anaitwa wa tatu, wa Dadi na mkewe; baada yake ni wetu.

Mzee Eusebio kainuka. Ana khanga mkononi, mpya, haijakunjuliwa. Anakwenda kwa Bibi. Kainama, anamnong'oneza, anapitisha kidole juu ya pua yake mwenyewe — ajifunike mpaka hapa. Hana ukali. Anaonyesha kama mtu anayeomba.

Bibi kaipokea. Kwa mikono miwili, na kichwa kainamisha kushukuru.

Kaikunjua. Kaitandika mapajani, kainyoosha pindo huku na huku, kama anayetandikia mgeni kitanda. Sasa amegeuka huku mlangoni. Amenyoosha mikono. Anaita — "Somo! Njoo, somo yangu!" Kanisa zima linasikia.

Mchungaji ameshusha maikrofoni. Anaitazama khanga. Kisha uso wa Bibi. Eusebio bado kainama palepale, hajui akae au asimame.

Mtoto kaisikia sauti. Kaachia ziwa mwenyewe, anageuza kichwa. Nafunga kifungo —