Yatokanayo

Jumatano, 6 Agosti 2025

Kikao cha kwanza cha mradi. Tunatengeneza mashine ya kutotolea vifaranga, kwa ajili ya maonyesho ya sayansi hapa shuleni Mtoni. Erasmus wa Kidato cha Nne kajipa uenyekiti. Mie katibu — kwa sababu mwandiko wangu mzuri, na sisemi. Mwalimu Flaviana kaagiza tukutane kila Jumatano, kila mtu aseme alichofanya.

Erasmus kaahidi betri ya gari kutoka gereji ya baba yake, ili umeme ukikatika taa inayoyapa mayai joto isizimike. Wote wakapiga makofi. Makofi ya nini? Betri iko wapi!

Mayai ni ya mama. Ya kuku wake wa kienyeji, hana wengine. Kasema nikiyaharibu nisije kumwomba hata unyoya.

Jumatano, 13 Agosti

Mayai yamo kwenye mashine tangu juzi. Asubuhi nayageuza mimi. Jioni mimi. Zamu zilikuwa za Sadallah na Clara wa darasani kwetu.

Ajenda niliiandika ubaoni mwenyewe: kufungua, yatokanayo, mengineyo, kufunga. Yatokanayo ndipo pa kuulizana — ulisema utafanya, je, umefanya? Erasmus kairuka. Eti muda hautoshi, twende mengineyo. Na mengineyo yenyewe ilikuwa fulana! Rangi ya fulana! Wamegombania bluu na kijani mpaka kengele.

Nikamnong'oneza habari ya betri. Kanijibu kwa sauti, mbele za watu: "Iko kwenye mchakato, sista. Kazi ya katibu ni kuandika." Sadallah kacheka mpaka kashika meza.

Namchukia. Nimeandika polepole ili niwe na hakika. Namchukia.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeyamulika mayai kwa tochi. Mishipa myekundu, myembamba kama mizizi. Katika moja, kitu kilijitikisa! Nilitaka kumwambia mtu. Maabara tupu. Nikaliambia yai.

Jumatano, 20 Agosti

Umeme umekatika mtaa mzima tangu asubuhi. Mashine imepoa. Nimeyafunga mayai kwenye sweta langu na kuyapakata. Bado yana uvuguvugu — kidogo.

Mwalimu Flaviana kaja kikaoni mwenyewe. Erasmus kafungua kwa sala ndefu, kisha: "Kwa kuokoa muda, tuanze na mengineyo."

Nikasimama.

"Mwenyekiti. Yatokanayo."

"Heee! Kumbe katibu anaongea!" Sadallah huyo.

Sikukaa. Nikaongeza neno moja: betri.

"Hiyo iko kwenye..." akaanza Erasmus.

"Kwenye nini?" Mwalimu huyo.

Erasmus kajibu eti iko gereji, madam, iko tayari kabisa. Mwalimu kamuuliza, gereji ya baba yako si hiyo hapo nyuma ya shule? Basi kailete. Tunakusubiri.

Katoka mbio.

Tunasubiri, ndiyo maana naandika. Clara kaomba kikao kiahirishwe, tuendelee kesho. Mwalimu kakataa: bado tuko kwenye yatokanayo.

Nimekaa karibu na dirisha. Mwalimu amelipa dirisha mgongo. Mbio za Erasmus ziliishia kantini. Namwona kutoka hapa — amekaa, anachovya muhogo kwenye chachandu, anapiga stori na muuzaji. Hana haraka hata chembe. Anasubiri sie tuchoke.

Wengine hawajamwona. Sadallah anachora fulana kwenye dawati.

Nimegusa mayai. Yanapoa.

Nimenyoosha mkono juu, naomba kusema.