Juu ya Kichwa cha Bibi Fransiska

Jumatatu, 6 Machi

Nyumba imepatikana! Outi, ofisa ustawi wangu, hakupiga simu, kaja mwenyewe. Kapanda ngazi za hii nyumba ya akina mama mbio mpaka pua nyekundu. Vyumba viwili na jiko. Ghorofa ya tatu. Lifti ipo, roshani ipo! "Na zamu yako ya sauna ni Alhamisi," kasema, kama mtu anayenipa ng'ombe wa maziwa. Kuoga mvuke chumba kimoja na jengo zima – mimi! Nikacheka tu, nikasema asante.

Begi lake kaliweka juu ya meza ya chakula. Begi lililokuwa sakafuni kwenye basi! Alipoondoka nikasugua meza na maji ya moto. Nampenda Outi, lakini meza ni meza.

Hapa tunatakiwa kutoka mwisho wa mwezi, kuna mama mwingine anakisubiri chumba na tumbo lake liko hapa. Bila nyumba ni kurudi kaskazini kwa Mama, kulala sebuleni na wadogo zangu. Na shule ya watu wazima, iliyonikubali kuanzia Agosti, kwaheri. Niliacha darasa la saba. Nataka kumaliza kabla Elmiina hajaanza kuniuliza maswali.

Tayari anauliza. Ana miezi tisa, ananyoosha kidole kwa kila kitu: "Tö?" Taa – tö? Theluji – tö? Nimemwambia: nyumba, mwanangu. Nyumba yetu.

Jumanne, 7 Machi

Sijui niandike nini.

Tumeenda kuiona. Barabarani theluji imekuwa uji, magurudumu ya kigari cha mtoto yanazama. Outi anasukuma upande mmoja, mimi upande wa pili na sketi yangu inafyonza maji. Tunacheka. Tukaingia mlangoni. Ukutani kuna ubao wa majina, nikautazama kwa udadisi tu, kujua majirani. Ghorofa ya kwanza: F. Blomerus.

Cheko likaniishia.

Hilo ni jina letu. La Waroma, sisi watu wa jadi ya kuhamahama, na wenye jina hilo mjini ni wazee, si vijana. Nikarudi nje kidogo kama nimesahau glovu, nikatazama dirisha la chini. Pazia la lesi, jeupe mpaka macho yanauma. Basi. Mwanamke mzee wa watu wetu anaishi pale.

Juu kuna mwanga wa ajabu. Nilivua viatu, nikatembea kwa ncha za vidole, Outi akadhani naogopa kuchafua. Nilisimama jikoni nikahesabia kichwani: jiko hili, chini yake jiko la watu wengine, chini yake jiko lake. Mstari mmoja. Maji yangu ya kuogea, nepi za mtoto, kitanda changu, sketi zangu – vyote juu ya meza anayokulia chakula. Hata kuandika naona haya. Mdogo hakai juu ya kichwa cha mkubwa. Hilo hatufundishwi, tunazaliwa nalo.

Elmiina akapiga sakafu na kijiko. Ko ko ko! Nikamnyakua.

"Vipi, tusaini?" Outi kauliza.

"Nitafikiria."

Angeniona nimekula funguo asingeshangaa zaidi.

Alhamisi, 9 Machi

Nimempigia Mama. Nilikuwa na matumaini kidogo kwamba mambo yamelegea siku hizi. Hayajalegea.

"Wamekupandisha juu ya Mblomerus? Ranja! Usinitie aibu."

"Sijapanda, Mama. Ndiyo nakuuliza."

"Kataa. Na sababu usimpe huyo wa ustawi. Mdomo ukifunguka, watoto wanabebwa."

Mama alichukuliwa na ustawi akiwa mdogo, akakulia nyumba ya watoto. Walimkata nywele siku ya kwanza na lugha yetu ikabaki mlangoni. Hakuna aliyemuuliza kitu, hata jina la mama yake. Kwake ofisa wa ustawi ni mtu mwenye mkasi.

Lakini mimi namtazama Outi na sioni mkasi. Naona mtu asiyejua kuvaa skafu, na anayecheka Elmiina akimvuta miwani. Najiuliza: Mama ana haki, au Mama anaongea na mtu aliyekufa zamani? Yote mawili yanawezekana. Nikinyamaza nitakuwa salama – salama sebuleni kwa Mama.

Ijumaa, 10 Machi

Nimesema!

Outi kaja na maandazi ya iliki na uso mzito. Ofisi ya nyumba inataka jibu wiki ijayo. Ukikataa bila sababu, jina linashuka mpaka mkiani. "Nisaidie nikusaidie, Ranja. Ni nini? Mtu anakutisha? Baba wa mtoto?"

"Baba wa mtoto yuko Uswidi, hata simu anapiga akikumbuka."

"Basi ni nini? Roshani?"

Maskini, alikuwa anahesabu kwa vidole: roshani, lifti, harufu. Nikaona atamaliza mikono yote miwili. Nikamwambia. Si yote – ya maji na nguo nilizungushazungusha, yeye akawa mwekundu, mimi nikawa mwekundu zaidi. Lakini nilisema.

Hakuandika. Alikuwa na kalamu, akaiweka chini.

"Ghorofa ya pili wanaishi nani?"

"Kaaje," nikasema. Ndivyo tunavyowaita wao, wasio wetu.

"Na wao wako juu ya kichwa chake."

"Ndiyo."

"Na hiyo ni sawa?"

"Wao hawajui."

"Wewe ukijifanya hujui?"

Tulitazamana. Halafu tukaangua kicheko, mpaka mlezi wa zamu akachungulia. Lakini swali limebaki limenikaa. Kwa nini asiyejua hachafui, na anayejua anachafua? Nimeligeuza mchana kutwa nikiosha chupa. Nadhani ni hivi: heshima haiko kwenye maji. Iko kwangu. Nikijifanya sijui, kitu kitakachopotea si cha bibi yule, ni changu.

Outi kasema kuna sheria. Kwamba mtu anayehudumiwa na ustawi lazima asikilizwe, na mila zake zitazamwe wakati wa kuamua. Nikamwambia, hiyo ni ya watu wengine. Akanitolea kwenye simu, nikaisoma mwenyewe, polepole, kwa kidole. Haisemi "isipokuwa Waroma." Niliisoma tena kutafuta hapo mahali. Hapapo!

Jumatatu, 13 Machi

Oi oi oi. Outi ameniua.

Ameenda kugonga! Kwa Bibi Blomerus! Anasimulia huku anatabasamu, kama mtu aliyefungua mfereji ulioziba. "Nilifikiri nimuombe ruhusa kwa niaba yako. Sikutaja jina lako, hilo siruhusiwi."

"Outi. Katika mji huu, mama kijana wa Kiroma mwenye mtoto mchanga na asiye na nyumba, tuko wangapi?"

Tabasamu likashuka.

Hakuelewa alichofanya. Mambo haya hayasemwi mbele ya mkubwa. Sasa yule bibi akisema "haya, akae tu", amejivunjia heshima yake mwenyewe. Akisema "hapana", amemfukuza mtoto mchanga. "Umemweka mtu mzima kwenye kona ya ukuta!" Nilisema kwa sauti ya juu, sijawahi kumpandishia Outi sauti. Nikamwambia na hili pia: "Mama yangu waliamua mambo yake bila yeye kuwepo. Wewe umeenda kwa nia njema, lakini mimi nilikuwa wapi?"

Nikafikiri, sasa ndiyo mkasi unatoka.

Outi kavua miwani. "Hukuwepo," kasema. "Nilipaswa kukuuliza kwanza. Samahani, Ranja." Ofisa wa ustawi – samahani! Ningemrekodi, Mama asikie.

"Na yeye alijibuje?" nikauliza. Lazima nijue, nimezaliwa hivyo.

"Alinipa kahawa kwenye kikombe cha peke yake, naona ni cha watu kama mimi. Akasema, 'Huyo mwenye haja, hana miguu?'"

Naitwa. Huo ni wito.

Jumanne, 14 Machi

Kwanza simu ya ofisi ya nyumba. Outi alitaka aongee yeye, nikasema hapana, kaa hapa karibu tu. Yule bwana ana sauti ya mtu anayekula biskuti.

"Sababu ya kukataa?"

"Chini yangu anaishi mkubwa wa watu wetu. Siwezi kulala juu yake."

"Hiyo sijui niiweke kundi gani, bibie. Afya? Usalama?"

"Iweke kama nilivyosema."

"Nitaiweka 'nyingine'."

"Weka nyingine, lakini maneno yangu yaandike." Kasema nyumba itasubiri mpaka Alhamisi saa tisa alasiri, baada ya hapo anampa mwingine.

Outi alikuwa anang'ata skafu. Halafu kaja na wazo – naliona linapanda usoni kabla hajalisema. "Je, akihamia juu yeye? Na wewe uchukue ya chini? Lifti ipo. Ofisi inaruhusu kubadilishana."

Hata mimi nimeliota hilo. Lakini: "Usithubutu kumwambia! Mkubwa hahamishwi. Atake mwenyewe, au basi."

"Na asipotaka?"

"Basi kaskazini."

Akafunga mdomo kwa vidole kama zipu. Tuone.

Alhamisi, 16 Machi

Naandika hapa hapa, kwenye ngazi, daftari gotini. Nisipoandika nitapasuka.

Nimekuja na Elmiina, sikuwa na pa kumwacha. Outi nilimwambia abaki mlangoni. Bibi Fransiska Blomerus kafungua: mfupi, sketi ya mahameli pana kama meza, mkongojo, macho ya mwewe. Nikasimama pembeni, nikateremsha macho. Mtoto nimemshika nyuma kidogo, kama tunavyofanya. Mbele ya wakubwa kizazi chako hukitangazi. Na yeye hakumwona. Yaani alimwona vizuri sana, ila hakumwona.

"Wewe wa nani?"

Nikamtajia watu wa Mama, watu wa Baba, mpaka waliokufa. Alisikiliza akitafuta ugomvi wa zamani wa koo zetu. Hakuupata.

"Mama yako ndiye aliyechukuliwa?"

"Ndiye, bibi."

"Hm. Kaka yangu pia." Akamtazama Outi pale nje, kwa muda mrefu. "Huyu alikuja juzi akaongea kama redio."

"Ana moyo mzuri, bibi."

"Redio nayo ina moyo. Ina mpaka kitufe cha kuzimia."

Outi kamezea kicheko, nimemwona.

Mimi siwezi kuomba, yeye hawezi kutoa, na saa ya ukutani inagonga. Elmiina akanyoosha kidole kwenye mapazia: "Tö?" Nilitamani sakafu inimeze. Bibi akatazama dari.

"Huko juu," kasema, "kunaonekana nini?"

"Hujawahi kupanda, bibi?"

"Nipande kufanya nini? Kuwatazama kaaje wakipika makaroni?"

"Ziwa linaonekana," nikasema. "Kipande tu, kati ya mapaa."

"Upande gani?"

"Kwenye matete ya ziwa. Kuna gati la zamani."

Mkongojo ukaacha kugonga. "Pale tulilala," kasema. "Na farasi wawili. Hakuna nyumba iliyotulaza, si ya mkulima, si ya kanisa. Baba alikuwa akitandika matawi ya msonobari. Nikiamka nywele zimeganda." Akaita: "Redio! Una funguo?"

Outi karuka kama kaitwa na jeshi.

Nikataka kuwafuata. "Wewe baki chini," kasema. "Itazame kahawa jikoni, isichemke ikamwagika." Kisha wakaingia kwenye lifti, Outi anang'ata midomo ili asiseme kitu.

Kwa hiyo nipo hapa. Mlango wa bibi uko wazi, naiona kahawa kutoka ngazini. Kuingia jikoni peke yangu siwezi bado. Ofisi inafunga nafasi saa tisa, na saa nane imepita zamani. Elmiina yuko sakafuni kwenye kizingiti, nusu yake ngazini, nusu yake ndani.

Ngazi hizi za zege zinaleta kila sauti. Nasikia mkongojo unazunguka.

Outi: "Hapa ni jiko."

Bibi: "Naona ni jiko. Sijawahi kupikia chooni."

Mlango wa roshani. Halafu hakuna kitu. Muda mrefu hakuna kitu. Hata Outi hasemi. Nimesimama, nimekaa, nimesimama.

Sasa sauti yake, kutoka juu kabisa, inashuka kama ndoo kisimani:

"Wewe, Ranja!"

"Naam, bibi!"

"Huyo mtoto anatambaa?"

Huyo mtoto! Kamtaja! Nimeshika reli ya ngazi.

"Anatambaa, bibi!"

"Sakafu ya huko chini ina baridi. Nakuambia mapema."

Sakafu ya kwake, na ananionya mimi! Sijui kama ni ndiyo. Mkongojo umerudi kule kule roshani, nausikia. Outi kachungulia kutoka juu, uso wake mdogo kama sarafu, kidole kwenye saa ya mkononi, macho yanauliza: nimwambie muda unakwisha? Nikatikisa kichwa. Hapana. Mwache atazame.

Kahawa imeanza kupanda. Nimevua viatu, nimeingia, nimeizima. Elmiina kanifuata kwa magoti, viganja vinapiga sakafu ya bibi, pa pa pa. Lifti bado iko juu.