Farasi wa Mpaka Mvua

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumamosi asubuhi

Mpendwa Shangazi,

Basi jana nikamfuata Bwana Buti palepale kwenye geti la malisho, na sikumwamkia. Nilimkuta ameegemea nguzo, buti zake zinang'aa, nikamwambia, "Mzee, farasi anatoka kesho." Hivyo tu. Hata koo sikusafisha.

Najua hapo ulipo umeshashika kiuno. Mtoto wa kaka yako, asiyeweza hata kudai chenji yake dukani, amemsemesha mtu mzima bila shikamoo! Na umeona hata wewe sijakuamkia. Usinikasirikie. Salamu zako zipo, nimeziweka mwisho wa barua, nzimanzima. Nimejigundua kwamba nikianza na salamu, jambo lenyewe halitoki. Soma kwanza, utanielewa.

Kwenye simu ningeshindwa. Wewe unaongea haraka, mimi nabaki na "eeh, eeh," halafu mama ananinyang'anya simu. Kwa hiyo vumilia mwandiko. Shule yenyewe si unajua niliichungulia tu dirishani.

Farasi huyu mama alikueleza habari zake wakati ule anakuja. Ni yule mweupe wa kupigia picha, anayekodiwa kwenye harusi, bwana harusi anapandishwa juu anashikilia kama mtu aliyekwama kwenye paa. Mwenye farasi ndiye huyu Bwana Buti. Watu wamempa jina hilo kwa ajili ya buti zake ndefu za ngozi, hazimtoki mguuni. Paa la banda lake lilikuwa limeanguka, akaja kwa mama kuomba kukodi malisho yetu ya bondeni, pamoja na kile kipande chako cha chini. Na wewe ulikubali kwa moyo mmoja. Alilipa yote mwanzoni, hapo sina la kumsema. Makubaliano yalikuwa neno moja tu: mpaka mvua inyeshe. Mama akasema hivyo, yeye akasema hivyo, wakashikana mikono.

Kumbe walitakiwa kwanza wakubaliane mvua ni kitu gani.

Yalipokuja manyunyu ya kwanza mama akanituma. Bwana Buti akatoa kiganja nje ya mwavuli, akakitazama, akasema, "Hii nayo mvua? Hapa mbingu inakohoa tu." Sawa. Ikaja nyingine, ikajaza pipa la jikoni na kuvujia kitandani kwangu. Akasema hiyo ni ya kupita. Ikaja ile iliyobomoa banda la kuku la jirani yetu fundi cherehani, kuku wakalala jikoni kwetu mpaka kukapambazuka. Bwana Buti akasema, "Ule ulikuwa upepo, mwanangu. Upepo wenye majimaji." Nilipompelekea mama jibu hilo, alikaa chini.

Ingekuwa mchezo kama si ng'ombe. Ng'ombe wa mama ana mimba, tumbo limeshashuka, na majani ya bondeni ndiyo tuliyokuwa tunamwekea. Ng'ombe anakula kwa ulimi, anavuta juujuu, kitako cha jani kinabaki. Huyu mwenzake farasi anakata mpaka kwenye udongo. Jani jipya likichungulia tu, limekwisha. Mimi nakata majani kando ya barabara na kuyabeba kichwani, lakini kando ya barabara kila mtu anakata, na yenyewe yamejaa vumbi na moshi. Ng'ombe anayanusa, halafu ananitazama kama mtu aliyeletewa chakula cha jana.

Mbavu zimeanza kuonekana. Mwenye bucha ameshakuja kumwona, anampapasa mgongo kama mtu anayechagua kitambaa. Mama amemwambia aje leo mchana achukue jibu. Mimi akaniambia, "Farasi akiwa bado yumo, ng'ombe aende. Sitakaa hapa kumtazama akizaa mifupa." Akaingia jikoni, akaosha sufuria. Ilikuwa safi tangu asubuhi.

Na kuna jingine lililoninyima raha. Siku moja pale kwenye kinu cha kusaga nilimsikia mama mmoja akimwelekeza mgeni: "Ukifika kwa Buti, kata kushoto." Kwa Buti! Malisho aliyoyang'oa visiki babu kwa mikono yake. Nikasimama na gunia kichwani, maneno yakanijaa mdomoni kama unga mkavu, nikaondoka hivyohivyo.

Utauliza, wewe muda wote huo ulikuwa wapi? Nilikuwa nakwenda, Shangazi. Kila asubuhi nakwenda. Natoka hapa maneno nimeyapanga vizuri kabisa. Nikifika getini:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, marahaba mwanangu! Umeamkaje? Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Lile jino lake?"

"Limeng'olewa."

"Afadhali! Jino ni adui wa ndani ya nyumba. Na Shangazi yako wa mbali, bado anacheka kwa sauti ile?"

"Bado."

"Hao ndio watu. Na ng'ombe?"

Hapo ndipo pa kuingilia, si ameuliza mwenyewe? Lakini mdomo wangu ukishazoea njia hautoki. Unasema "hajambo" peke yake. Ng'ombe hajambo! Naye ananipiga bega, "Haya mwanangu, ahsante kwa kunijulia hali," anageuka, anakwenda zake. Nabaki mimi na farasi tunatazamana.

Nikirudi mama ananiuliza, "Umemwambia?"

"Nimemsalimia."

"Vizuri sana. Basi farasi atahama kwa salamu."

Ikabidi aende mwenyewe. Mama yangu unamjua, hana breki. Lakini Bwana Buti alisubiri mpaka watu walipoanza kupita, ndipo akapaza sauti ya huruma: "Mama, mnyama huyu hana mdomo, mnamfukuza aende wapi?" Waliokuwa wakipita wakamwona mama ndiye mbaya. Tangu siku hiyo mama hapiti njia ile. Anazunguka kwa nyuma, na ndoo ya maji kichwani.

Sasa mtu asiyesema, Shangazi, ana kitu kimoja. Ana muda wa kutazama. Nilianza na zile buti. Bonde lote sasa ni tope, mimi nikitoka kule ni mweusi mpaka magotini. Yeye anakuja kila siku kumwona farasi wake, na buti zinang'aa kama sahani ya kabatini. Inakuwaje? Nikamtazama vizuri. Haingii. Geti halivuki hata siku moja. Anaegemea nguzo, anapiga mluzi, na farasi akija kweli, yeye anarudi nyuma na kurekebisha kofia.

Nikapita kwenye banda lake, najifanya natafuta kuku aliyepotea. Paa jipya, mabati yanaumiza macho. Majani makavu yametandazwa chini, hayajakanyagwa. Kwenye ndoo ya maji ya farasi kuku ametaga, wala si kuku wetu. Kwa hiyo mahali pa kumpeleka anapo, tena pazuri kuliko chumba changu hiki. Mbona basi hamtoi?

Nikakumbuka siku farasi alipoletwa. Aliyemwongoza ni mtunzaji wake, yule bwana mrefu mwenye kigugumizi. Bwana Buti alikuja naye, lakini akitembea upande wa pili wa barabara. Yule bwana alipata kazi ya ulinzi kiwandani, akaacha farasi. Na tangu aache, sijasikia tena farasi kwenda harusini. Nilikaa juu ya jiwe nikalizungusha jambo hili mpaka likatulia. Huyu mzee hang'ang'anii malisho yetu. Anamwogopa farasi wake.

Sikucheka. Wewe utacheka, najua, ila cheka hukohuko mbali. Ningeweza kwenda kulitupa neno hilo pale kinuni, na kabla ya jioni mtaa mzima ungekuwa unampigia mluzi. Angeona aibu, asingekuja tena getini. Lakini farasi angebaki palepale, ndiyo kwanza angekosa hata wa kumpigia mluzi.

Na halafu, Shangazi, ile ya kurekebisha kofia naijua. Mimi nikimwogopa mtu nainama kufunga kamba za viatu, hata nikiwa nimevaa ndala. Yeye akiogopa anazidisha maneno, mimi nikiogopa yanaisha. Nimeliwaza sana hili nikiwa nabeba majani. Watu wawili tumesimama getini kila asubuhi, kila mmoja amejificha nyuma ya "hajambo."

Farasi mwenyewe hana neno. Siku za mwanzo alikuwa ananipulizia pua kwa hasira, sasa anaiingiza kwapani kwangu anapumua moto. Akisikia ndala zangu anakuja mwenyewe. Naongea naye mambo mengi kuliko ninavyoongea na watu. Farasi hakuulizi nyumbani hawajambo.

Ndiyo jana nikaenda bila salamu. Nilipomwambia farasi anatoka kesho, Bwana Buti alinyooka kama nimemmwagia maji.

"Hata kuamkia? Ndivyo ulivyolelewa?"

Nikasema, "Salamu zipo, mzee. Tukianza nazo hatufiki."

"Tulisema na mama yako, mpaka mvua..."

Nikamkata. Mimi, Shangazi, kumkata mtu mzima! Nikamwambia, "Nitamtoa mimi. Njia yote ni tope, buti zako zitaharibika bure. Wewe tangulia tu ukatufungulie banda."

Akamtazama farasi, akatazama buti, halafu akaanza kunitazama mimi, ananitafuta usoni kama najua au sijui. Nikainama nikafunga kamba za ndala.

Nikiwa palepale chini nikamsikia anakohoa. "Ni kweli, tope limezidi," akasema. Kisha taratibu, kama mtu anayetema mbegu: "Ni kweli, mwanangu. Mvua imenyesha."

Imenyesha! Kwa mdomo wake mwenyewe.

Nilipoinuka, sauti yake ilikuwa nyingine. Akaniuliza, "Anakubali kuongozwa na wewe?" Nikasema anakubali. "Hakukanyagi?" Nikasema ukitembea usawa wa bega lake hakanyagi, anataka tu akuone. Akalirudia, "Usawa wa bega," kama mtu anayekariri njia ya kwenda hospitali. Halafu akaniomba niwe napita bandani kwake asubuhi asubuhi. Nilisema nitaona. Bado naona. Mtu aliyemtia mama yangu aibu mbele ya watu sijui kama ni vyema nimkimbilie haraka hivyo, lakini farasi naye hakumkosea mtu. Wewe ungefanyaje? Niandikie, usipige simu.

Mama nimemwambia tu kwamba mzee amekubali. La uoga sijamwambia na sitamwambia, hilo liwe la kwangu na wewe. Aliniangalia, akasema, "Ulimsalimia vipi leo?" Nikasema sikumsalimia. Akaniongezea chakula.

Kile kipande chako cha chini ndicho kilichoumia zaidi, kimekuwa kipara. Naomba ruhusa tukiache kipumzike, nizibe kwa miti ya miiba ng'ombe naye asipite. Kwa juu, pale kwenye jiwe kubwa, majani yakiachwa yatashika haraka. Na siku nyingine tukikodisha, tafadhali tutaje mwezi. Mambo ya mbinguni tuyaache mbinguni.

Sasa salamu. Shikamoo, Shangazi. Umeamkaje huko? Lile goti linakuruhusu kupanda ngazi, au bado unakaa kwenye kidato cha katikati na kusingizia unangoja mtu? Na kikohozi? Na kazi? Mimi sijambo kabisa, ila chumba bado kinavuja. Msalimie sana mumeo fundi saa, mwambie ile aliyoniletea bado inatembea, ingawa inapenda kutangulia. Wabusu mapacha, wasigombee stempu ya bahasha hii. Mama anakusalimia, fundi cherehani anakusalimia pamoja na kuku wake, na ng'ombe angekusalimia kama mdomo haungekuwa na majani. Mungu akupe afya, akupe majirani wenye roho nzuri, na akurudishe tukuone ukiwa bado unacheka kwa sauti ile.

Inabidi niondoke sasa hivi. Nilipanga tuvuke barabara kabla malori ya mchanga hayajaanza, na kabla mwenye bucha hajafika. Nilimwambia Bwana Buti atangulie bandani akatungoje, lakini namwona dirishani, amekuja mpaka kwetu. Ameshika kamba ya kumwongozea farasi kwa ncha, kama mtu aliyeshika mkia wa nyoka. Na buti leo hakuvaa, Shangazi. Amekuja na ndala.

Mama ametoka nje. Nasikia wameanza kusalimiana, wameshafika kwenye jino. Wakifika kwa ng'ombe kabla sijatoka, leo hatuendi popote.

Wako akupendaye, hata asiposema,
Bubu, mtoto wa kaka yako