Umebaki Wewe Tu, Garrett

Chincoteague, Virginia
Jumapili

Garrett mpenzi,

Mtoto wetu Opal hajambo, ananyonya kama anafukuzwa. Baba amerudi na ndoo nzima ya kaa, nyumba yote inanuka. Mama anakusalimu.

Jana tulikutazama kwenye matangazo kutoka chumba chenu cha kuongozea vyombo vya angani, Houston. Chombo cha mizigo kiko tayari huko angani kuachia visetilaiti vya wanafunzi, vidogo kama mkate. Mkuu wenu akawauliza mmoja mmoja kama anaruhusu viachiwe. Mtu wa umeme, "Ruhusa." Wa mawasiliano, "Ruhusa." Akafika kwako, ukasema, "Bado." Tena! Niliirushia televisheni nepi. Mama akasema, "Mwanangu, si ndivyo anavyokujibu na wewe kwenye simu?"

Ni kweli. Tangu Opal atolewe kwenye kile kisanduku cha joto hospitalini, nikikuuliza utakuja lini ni bado, bado. Hujamshika hata mara moja. Najua ulimwona alivyo mdogo ukaogopa. Mimi pia niliogopa, Garrett, lakini niliogopa huku nimembeba.

Basi leo nimewauliza watu wa hapa kama mnavyoulizana nyie: Garrett aje nyumbani amshike mwanawe? Daktari wa Opal alisharuhusu tangu Ijumaa. Mama, ruhusa. Baba alinung'unika weee, mwisho akasema, "Ruhusa, ila kaa atajimenyea mwenyewe." Opal alicheua begani kwangu, nikahesabu ni ruhusa.

Umebaki wewe. Na safari hii usiniambie bado.

Mimi niliyechoka kukungoja, na bado natandika upande wako wa kitanda,
Lacey