Neno Lililotoka Kwenye Mkia

Tausi shoga, Kristina yuko hapa kwangu Usagara. Katoka shuleni Kigombe moja kwa moja. Kakaa tu. Hali, halii, chai imempoa mkononi.

Leo alikuwa anafundisha neno la Kiingereza "coward", yaani mwoga kupita kiasi. Jana alimwambia Najat, yule mwanafunzi wake hodari, aje na simu ya kaka yake watafute asili ya neno hilo. Na simu pale ni marufuku, wajua.

Mkuu wa shule kaingia ghafla. "Nani kakuruhusu simu?" Najat kamtazama Kristina.

Mkuu naye kamgeukia: "Mwalimu, una habari na hili?"

Kasema, "Sina habari."

Sina habari! Kristina wetu huyu huyu!

Mkuu kamwamuru Najat asome alichokuwa anakitazama. Mtoto kasoma taratibu, wala sauti haikumtetemeka: mzizi wa neno hilo ni neno la Kilatini lenye maana ya mkia, maana mnyama akiogopa hufyata mkia. Darasa zima hakuna aliyecheka. Kasimamishwa wiki mbili. Kachukua mkoba, katoka.

Sasa hivi mama yake Najat kapiga simu, nimemsikia kwa masikio yangu: "Mwalimu, tuwie radhi, mwanetu kakuaibisha." Najat hajamwambia mtu kitu, Tausi. Hata mamake.

Nikamkazia macho Kristina, nikijua sasa atasema.

Kasema, "Hamna neno, mama."